Mabishano Kuhusu Wavaa Ngozi

Miaka ile watu wa Mbozi hawakutembea peke yao. Habari zilikuwa kwamba kuna watu wanaua wenzao na kuwachuna ngozi, na kwamba ngozi hizo zinavushwa mpaka pale Tunduma kwenda kwa wanunuzi ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Sijui ni kiasi gani cha habari zile kilikuwa kweli. Ninachojua ni kwamba akina mama walikwenda kuchota maji kwa makundi, vilabu vya pombe vilifungwa jua likiwa bado juu, na mgeni aliyepita njiani aliangaliwa mikono kwanza, uso baadaye.

Mimi nilikuwa mgeni kila mahali. Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa na mtu. Lori lilipita karibu na shule, nikataka kujua linakwenda wapi. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kubeba mizigo hapa, kupalilia pale, kulala stendi, kuuliza maswali na kuondoka. Tunduma ilinishika kuliko miji mingine kwa sababu ya televisheni. Tanzania Bara wakati huo, zamani kabla ya hofu ya ngozi, haikuwa na kituo hata kimoja, lakini ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kulikuwa na baa yenye televisheni ndogo ya picha nyeusi na nyeupe. Mwenye baa hakunifukuza dirishani, maadamu nilimfagilia uwanja. Picha ilikuja na kupotea kufuata upepo unavyotikisa antena. Hapo ndipo nilipoona tamthilia za watu wa angani: meli zinazosafiri katikati ya nyota, roboti zinazojifunza kulia, nchi zisizo na mvua wala siku. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano. Nusu nilielewa, nusu nilikisia kwa kuangalia nyuso.

Miaka mingi baadaye, watu wakiwa wameshaanza kununua televisheni zao, ndiyo miaka ile ya hofu, nilikutana na kijana mmoja wa Ibaba, kule Ileje, ambaye alikuwa ameacha kazi ya utingo wa malori. Nitamwita utingo, maana hata baada ya kuiacha kazi jina hilo halikumwacha. Yeye naye alikuwa na ugonjwa kama wangu, ila aliupatia kwenye kibanda cha video pale Tunduma, kwa mikanda ya rangi, huku mtafsiri akisimama pembeni na kipaza sauti na kuwageuzia watu maneno yote kwa Kiswahili. Tulishikana urafiki kwa kubishana. Tamthilia gani ni bora, ya zamani au ya sasa? Nahodha gani angemshinda mwenzake? Tungeweza kutembea kutoka mjini hadi shambani bila kuliona jua linavyosogea.

Msimu wa kahawa ulipofika tukaenda kuchuma kahawa katika kijiji kimoja upande wa Ihanda. Mwenye shamba alihitaji vibarua, akatupokea bila maswali mengi. Asubuhi ya siku yetu ya kwanza tulipewa mstari wetu wa mibuni, na mstari wa pili walikuwapo akina mama wa kijijini, wakichuma na kuongea Kinyiha. Sisi tukaanza yetu.

"Ile yako ya roboti ni upuuzi," nikamwambia. "Bati tupu linatembea."

"Bati lenye akili kukushinda, kaka. Wewe wa kwako wamegandia kwenye barafu tangu mwanzo mpaka mwisho. Hiyo nayo ni tamthilia? Hiyo ni friji."

"Lakini inatisha."

"Ya kutisha ni moja tu. Ya Wavaa Ngozi."

Hapo tulikubaliana. Hilo lilikuwa jina letu wenyewe. La kwake halisi hakuna aliyelijua. Ilihusu viumbe waliotoka kwenye nyota isiyo na hewa, wasio na mwili, ambao hawakuweza kutembea duniani mpaka wavae ngozi ya mtu. Wote wawili tulikuwa tumeiona, mimi dirishani kule Nakonde, yeye kwenye kibanda cha video. Tulichogombania ni mwisho wake. Mimi nilikumbuka daktari wa kike anajifungia na viumbe wale ndani ya ghala lao na kulitia moto, anaungua pamoja nao. Utingo alishikilia kwamba daktari haungui kamwe. Anaokolewa na mmoja wa viumbe hao na kuolewa naye.

"Kuolewa!" nikasema. "Aolewe na moshi?"

"Si ameshavaa ngozi? Ngozi ikikaa vizuri utamjuaje?"

"Wanaitolea kisogoni, nilikwambia. Alama lazima ibaki."

"Mgongoni. Wanaitoa nzima, halafu wanaivusha kwa meli, wala hakuna anayewakagua."

Tulisema haya kwa sauti, kwa sababu kati yetu kulikuwa na mbuni mkubwa. Nilikuwa nacheka. Sikuona kwamba mstari wa pili ulikuwa umenyamaza. Baadaye nilipochungulia kati ya matawi, vikapu vya akina mama vilikuwa chini, vimejaa nusu, na akina mama wenyewe hawakuwapo.

"Wamekwenda kula," utingo akasema.

Tukaendelea kuchuma. Kisha filimbi ikalia upande wa barabara, nyingine ikajibu kutoka bondeni, na watu wakaanza kutokea kwenye mibuni kila upande, wanaume wenye mapanga na marungu, hawakimbii, wanatembea tu. Kutembea kule ndiko kulikonitisha. Mtu anayekimbia kuja kwako bado hana uhakika.

Walituchukua mpaka kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu mfupi aliyevaa buti za mpira, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. Alichukua mfuko wangu akaumwaga juu ya meza. Kikatoka kisu, shati, mfuko wa nailoni uliokunjwa, na pakiti ya chumvi.

Kelele zilizopanda pale sitaki kuzikumbuka. Kila mfugaji na kila mwindaji anajua chumvi inafanya nini kwenye ngozi mbichi.

"Chumvi ya nini?" mwenyekiti akauliza.

"Ya kulia maparachichi, mwenyekiti."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko chake kilinitisha kuliko rungu lake. Mgambo mmoja akanifunga mikono. Mama mmoja mwenye kilemba cha bluu akasogezwa mbele. Nilimtambua kwa kilemba, alikuwa mstari wa pili. Akaeleza kwa Kinyiha, na mimi nikaambulia maneno ya Kiswahili yaliyochanganyika humo: ngozi, kisogoni, meli.

"Ni tamthilia, mama," utingo akasema. "Ni ya televisheni."

"Televisheni," mwenyekiti akarudia. Kijijini pale hapakuwa na televisheni hata moja. Akafikiri, kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa la akili. "Basi tutawatenganisha. Kila mmoja asimulie tamthilia hiyo mpaka mwisho wake. Hadithi ikiwa moja, mna bahati. Zikiwa mbili, msinilaumu."

Utingo akaingizwa ofisini. Mimi nikapelekwa kwenye ghala la kahawa, nikakalishwa juu ya magunia, mgambo wawili mbele yangu na mwenyekiti mwenyewe mlangoni. Kupitia mlango niliwaona watu wakizidi kuja.

Nilianza kusimulia. Nyota isiyo na hewa, kuja kwao duniani, mtu wa kwanza kuvaliwa. Kwenye sehemu hizo tulielewana, sikuwa na hofu nazo. Hofu ilikuwa mbele, inanisubiri mwishoni. Utingo alikuwa mbishi. Kwa muda wote niliomjua hakuwahi kuniachia hata hoja moja. Nilimwona kwa akili yangu kule ofisini, ameng'ang'ania harusi yake hata kama shoka liko shingoni. Kama nikimuunguza daktari, hadithi zitakuwa mbili, na sisi tumekwisha.

Kwa hiyo nikamwokoa. Nikasema daktari akatolewa kwenye moto na kiumbe mmoja, wakapendana, wakaoana. Nikaongeza hata ndoa yenyewe ilivyokuwa, na nguo alizovaa bibi harusi.

Mwenyekiti akaondoka. Nikamsikia akiongea na waliomhoji mwenzangu. Kisha akarudi, na uso wake ulikuwa umefungwa.

"Mwenzako amesema daktari aliungua."

Utingo, mbishi yule, alikuwa amefanya kama mimi. Alidhani mimi ndiye sitaachia, akaamua kuniachia.

Tukatolewa nje wote wawili. Utingo alikuwa analia bila sauti, machozi yanateremka tu. Watu walisogea mpaka nikasikia joto lao. Mzee mmoja akasema kwa Kiswahili, ili sisi tuelewe, "Tunangoja nini tena?"

"Ngojeni," mama mwenye kilemba cha bluu akasema.

Alikuwa ameshika kiuno, ametazama chini kama mtu anayetafuta sindano. "Asubuhi haikuwa hivi. Huyu mrefu ndiye aliyesema anaungua. Huyu mfupi akasema anaolewa. Walipigiana kelele mpaka na mimi nikataka kujua, kabla sijaogopa. Sasa kila mmoja amesema ya mwenzake."

"Kwa nini?" mwenyekiti akaniuliza.

"Niliogopa. Nilijua yeye hawezi kuacha ya kwake."

"Na wewe?"

"Mimi pia," utingo akasema. "Nilijua huyu hana kawaida ya kushindwa."

"Wachunaji wangekuwa wamepatana toka nyumbani," mama akasema. Lakini yule mzee akasema wanaweza kupatana hata namna ya kukosana, na wengi wakamuunga mkono. Mwenyekiti akanyoosha mkono, watu wakanyamaza.

"Bishaneni," akatuambia. "Kama asubuhi. Nataka kusikia."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kuliko hiyo. Nilimtazama utingo, naye akanitazama.

"Nadhani aliungua," nikasema.

"Inawezekana," akajibu.

"Lakini hata kuolewa, inawezekana."

"Ndiyo. Wewe uliona vizuri zaidi."

Watu wakaanza kunung'unika. Rungu moja likagongwa chini, pole pole, pu, pu. Tulikuwa tunajiua kwa adabu. Nikatafuta ndani yangu kitu chochote kibaya cha kumwambia rafiki yangu na nikakuta hofu imefagia kila kitu. Ndipo utingo, kwa sauti ndogo, akasema, "Ila mtafsiri wetu hakukosea. Alikuwa anajua Kiingereza kuliko wewe."

"Nani anajua?" nikasema.

"Mtafsiri."

"Yule mlevi? Mkanda wa mwisho ulikwama kwenye deki, ulinieleza mwenyewe! Akawamalizieni kwa mdomo!"

"Alishauona zamani!"

"Alishauona wapi? Alitaka msidai kurudishiwa viingilio! Mnapewa harusi ya uongo na nyinyi mnapiga makofi!"

"Bora harusi kuliko wewe wa dirishani! Picha ikipotea na upepo ulikuwa unaona nini? Ulikuwa unaona vumbi, unasema moto!"

"Mimi? Vumbi?"

"Vumbi! Uliona vumbi la televisheni ukaunguza mtu!"

Nikamrukia, mikono nyuma imefungwa hivyo hivyo, na mgambo akanivuta kwa kola. Hapo ndipo niliposikia mama mwenye kilemba akicheka, na mwanamke mwingine, kisha wengine wengi. Mzee yule hakucheka. Alinitazama mpaka nilipofunguliwa kamba, na nadhani alinitazama hata baada ya hapo.

Mwenyekiti alisema tuondoke jua likiwa bado linawaka, tusirudi. Kisu na chumvi vilibaki mezani, hatukuvidai. Mgambo wakatusindikiza mpaka lami, wakasimama mbali kuhakikisha tumepanda gari.

Lori lililosimama lilikuwa linakwenda Tunduma. Dereva alishusha kioo kidogo tu, akataka kuona mikono yetu na ndani ya mfuko, ndipo akafungua mlango. Tukakaa, mimi katikati, utingo dirishani. Hakuna aliyetamka neno. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sitafungua mdomo mbele ya mtu nisiyemjua.

Tukaenda hivyo mwendo mrefu. Dereva alikuwa akitutupia jicho, anarudisha barabarani, anatutupia tena. Mkono wake mmoja uliteremka taratibu chini ya kiti, akaanza kupapasa kitu.

"Jamani, ongeeni basi," akasema. "Watu wasioongea wananitisha."

Utingo akakohoa. Akaniuliza kama mahindi ya Ileje mwaka ule yalikuwa yameshaanza kuvunwa. Nikamjibu kwamba yameshaanza, ya bondeni kwanza. Tukaongea mahindi, kwa sauti, neno moja moja, mpaka mkono wa dereva uliporudi kwenye usukani.