Jina Ambalo Kasuku Hakuliruka

Waliokuwa ndani siku hiyo ni hawa. Binti yangu, yule mwalimu wa Meru mjini, na mume wake, ambaye kwa heshima alikaa mbali na mimi, karibu na dirisha. Mke wa kitinda mimba wangu, ambaye ninaishi naye hapa Kibugu, na msichana wake wa darasa la sita. Mtoto wangu wa kwanza, mwanamume, kwa kiti cha mlangoni. Na kasuku. Majina yao yote ninayo, siyaandiki tu, wenyewe wanajijua.

Kasuku huyu ni wa kijivu, mkia mwekundu. Binti yangu alimleta na karatasi zake za serikali, mzee wangu akiwa bado hai, kwa sababu mwenye nyumba kule Meru hakutaka ndege. Watu husema mtoto asiyeelewa masomo anakariri kama kasuku. Hao hawajaishi na kasuku. Huyu akiona thamosi anasema "chai". Akiona sufuria tupu hasemi kitu. Paka akikaribia anamfukuza kwa sauti yangu, na paka anamtii kuliko anavyonitii mimi.

Kwetu chakula hakiliwi kabla sijaomba, na nikiomba ninataja watoto na wajukuu mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza. Kasuku alishika orodha yote.

Tulipomzika mzee wangu, mtoto wa kwanza hakuja. Alisema kazi. Alikuja nyasi zimeshaota kaburini. Tangu mazishi nikaacha kumtaja, na sikumwambia mtu. Nilikuwa nimechoka, hata hasira yenyewe haikuwa na kelele. Lakini kila nikiruka jina hilo, kasuku alilitia mahali pake, kwa sauti yangu ile ya zamani. Nikawa ninamtoa nje kwa veranda kabla ya kuomba.

Binti yangu akinitembelea alisikia mara mbili, tatu, nikimruka kaka yake, akaona akili yangu inaisha. Jumapili hiyo wakaja na gari, nguo zangu zikakunjwa zikatiwa kwa begi, niende kukaa kwake Meru. Mimi sikutaka kwenda. Majani chai yangu yako hapa, na kaburi liko hapa. Lakini kujitetea kulikuwa ni kusema kweli mbele ya huyo wa mlangoni, na mdomo ulikuwa mzito.

Kabla ya kula mvua ikaanza, mjukuu akaingiza kizimba ndani. Nilimwona, nikakosa nguvu ya kumkataza. Nikafunga macho, nikaomba, nikaanzia wa pili.

Kasuku akasema jina.

Mkwe wangu akacheka kidogo. "Hata ndege anakumbuka."

"Mama," binti yangu akasema polepole, kama anaongea na wale wanafunzi wake wadogo, "umemsahau mtoto wako wa kwanza. Unaona sasa? Hauwezi kukaa hapa."

"Sijamsahau," nikasema. "Nilimwacha."

Mwenyewe akainua kichwa kule mlangoni. "Tangu lini, Mama?"

"Tangu tulipomzika baba yako. Na hukuwepo."

Mvua ilipiga mabati. Githeri yetu ya mahindi na maharagwe ikawa inapoa. Kisha akasema bila kunitazama, "Kwa hivyo wakati huo wote ni huyu ndege tu amekuwa akiniombea."

"Ndiyo. Na nilikuwa ninamtoa nje."

"Kumbe ni hiyo," akasema mke wa kitinda mimba. "Mimi nilidhani ni kwa sababu ya kinyesi."

Binti yangu aliinuka akatoa nguo zangu kwa begi, moja moja. "Mtu anayeweka hasira kwa mpango hivi," akasema, "huyo hajapoteza akili."

Chakula kilikuwa bado hakijaombewa, kwa hivyo nikaanza tena. Nilipofika mahali pa wa kwanza nikanyamaza, kwa sababu ulimi haukuinuka, siwezi kuwadanganya. Kasuku akalisema. Nikasema amina juu yake, nikaendelea na wa pili.

Hadi leo tunaomba hivyo. Kizimba hakitoki tena nje.

Nyinyi mliokuwepo, kama nimemkalisha mtu kwa kiti kisicho chake, au kama haikuwa githeri siku hiyo, niambieni nirekebishe. Hayo naweza kuyasahau.