Sukari Iliyobaki Kantini

Magunia matatu! Matatu mazima ya sukari, uzi wa mdomo haujaguswa, yamejibanza nyuma ya mifuko ya unga kama wageni wasiotaka kuonekana! Na Krismasi ni wiki ijayo! Wewe ungefikiria nini?

Basi hicho unachofikiria ndicho wanachofikiria wote katika kantini hii ya kiwanda kimoja cha majani chai, karibu na Kapsoit, Kaunti ya Kericho. Ni saa nne asubuhi, saa ya chai, na hakuna anayekunywa chai.

Rebeccah Chelangat amesimama kando ya jiko lake, upawa mkononi. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, na wote hapa humwita Mama Kipkurui, kwa jina la kifungua mimba wake. Amepikia kiwanda hiki tangu wasichana wengine wanaomtazama leo wakiwa hawajazaliwa. Watoto wake wanne wamesoma kwa upawa huo huo, na wa mwisho bado yuko chuoni. Leo mama huyu anaitwa mwizi.

Hakuna aliyelitamka neno lenyewe, hapana. Lakini Sagini, mtunza stoo, ambaye jana jioni aliyakuta magunia hayo jikoni akihesabu vitu vya kufunga mwaka, ameshawaeleza watu vizuri sana. Anasema sukari ya kantini huagizwa ili iliwe. Ikibaki, kuna anayeificha, na mtu haifichi sukari Desemba ili akae akiiangalia. Meneja naye amesema hataki kelele. Wafanyakazi waamue wenyewe: wakisema hawana imani na mpishi, afungashe kabla ya chakula cha mchana.

Mama wa watu, wiki moja kabla ya Krismasi!

Rebeccah anafuta mikono kwa aproni, pole pole, ingawa mikono haina maji.

"Sukari sikuiba," anasema. "Niliacha tu kuiweka kwa chai."

Aliacha kuiweka kwa chai? Chai gani? Hii hii?

Hii hii. Unajua vile chai hupikwa huku: maji, maziwa, majani na sukari, vyote ndani ya sufuria moja, vichemke pamoja. Hakuna bakuli la sukari mezani. Utamu wako uko mkononi mwa mpishi. Sasa huyu mpishi, tangu Pasaka ilipopita, alikuwa akitoa konzi moja ya sukari kwenye kipimo, ananyamaza, anangoja midomo izoee, kisha anatoa konzi nyingine. Leo sufuria hiyo haipati hata nusu ya sukari ya zamani. Watu zaidi ya mia wanainywa kila siku, wengine vikombe viwili viwili, na hakuna aliyegundua! Sagini mwenyewe, juzi tu, alimwambia mbele ya watu kwamba chai yake ni tamu kuliko ya mke wake.

Kantini inalipuka. Fancy, msichana wa kitengo cha kupakia, anauliza kama miezi yote hiyo walikuwa wakinywa maji ya moto na maneno matamu. Watu wanacheka, lakini ni kicheko cha mtu aliyekanyaga hewa akidhani ni ngazi.

Kisha Sagini anauliza swali ambalo wote wanalo. Kwa nini?

Rebeccah anaangalia sakafu. Sababu anayo, inamjaa mdomoni, lakini si yake kuitoa, na anajua kwamba akinyamaza hivi dakika chache zaidi, kazi imekwenda.

"Mama, mtu akikosa sababu, watu watamtafutia moja," Sagini anasema. "Hiyo sukari ilikuwa ya nani?"

"Si mimi wa kusema."

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, benchi linakwaruza sakafu.

"Ni yangu."

Ni Eliakim Oyugi, mtu wa boila, mtambo wa mvuke wa kiwanda. Oyugi! Mzee wa kanisa, mtu mpole aliyekuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, ambaye hata akiokota kifungo cha shati huuliza ni cha nani! Mtu mmoja pembeni ananong'ona kwamba dunia imekwisha, kama Oyugi naye anaiba.

Oyugi anakaa tena. Anavua gambuti la mguu wa kushoto, halafu soksi. Walio mbele wanasimama ili waone, na wakishaona wanakaa. Vidole viwili havipo.

"Sukari mnatafuta ni yangu, jameni," anasema. "Iko kwa damu. Mwaka wa tatu sasa. Ile Disemba niliwaambia naenda nyumbani kuzika, sikuwa nazika mtu. Nilikuwa hospitali nikikatwa hii."

Hata Fancy anaketi, na hiyo peke yake ni habari.

Basi mambo yanatoka moja moja. Oyugi alikuwa amemweleza Rebeccah peke yake, kwa sababu mpishi ndiye mshika kikombe. Mama akaanza kumpikia chai yake kando, kwenye kasufuria kadogo, bila sukari. Watu wakaona kale kasufuria. Ikawa ni vicheko kila asubuhi: Oyugi anakunywa chai ya mtoto mchanga, Oyugi ameota meno ya maziwa. Aliyeanzisha utani huo, na kila mtu hapa anakumbuka, ni Sagini. Haikuchukua wiki, Oyugi akarudi kwenye sufuria ya wote, akawa anakunywa sukari yote ile kwa tabasamu ili asichekwe.

"Nikaona kama yeye hawezi kuja kwa chai yake," Rebeccah anasema, "basi chai yetu yote iende kwake."

Sagini anatazama ule mguu, kisha anatazama magunia, kisha anatafuta mahali pa tatu pa kutazama na hapaoni.

Ungedhani hapo watu wangepiga makofi, mambo yaishe. Wapi! Fancy anainuka, na safari hii hana utani. Anasema kwao Sigor nyanya yake alikufa kwa ugonjwa huo huo, kwa hivyo hampingi mama kwa wema wake.

"Lakini hii midomo ni yetu, Mama Kipkurui. Ungetuuliza."

"Ningewauliza mngekataa."

"Ndio, tungekataa. Na bado ungeuliza."

Rebeccah anatikisa kichwa kukubali. Anamwambia Fancy kwamba hapo amemshinda.

Sagini, labda kwa kutafuta pa kuficha uso, anadai apikiwe chai ya zamani, ile kamili, ajue alichopokonywa. Anapikiwa. Anapiga funda moja kubwa, na sura inamkunjika kama ya mtoto aliyepewa dawa ya kikohozi. Kikombe kinapita mkono kwa mkono. Kila anayeonja anashtuka. Hivi ndivyo walivyokuwa wakinywa? Kila siku? Hii?

Rebeccah anasema mdomo ni kama ndama: ukimvuta kwa kamba atakita miguu, ukitembea naye pole pole ataingia zizini akidhani ni shauri lake mwenyewe.

Hapo ndipo wanakumbuka kwamba kesho kutwa watatawanyika, wengine Kipkelion, wengine ziwani, na kila nyumba watakayoingia ina sufuria ya chai tamu kwenye moto. Mtu anauliza atakataaje chai ya shangazi yake. Rebeccah anashangaa. Nani amesema ukatae? Kukataa chai ni kumkataa mtu. Wewe omba nusu kikombe, kisha kutoka boma hadi boma tembea kwa miguu, mwachie bodaboda mwenye mzigo. Nyama kula, lakini mboga itangulie. Na maji, kwani ni nani alisema maji si kinywaji cha Krismasi?

Anamgeukia Oyugi. "Na wewe usiache dawa huku eti kwenu wataiona. Dawa haijui sikukuu."

Oyugi anavaa soksi yake. Anasema mwaka huu dawa yake ataiweka mezani, mbele ya ndugu zake wote, karibu na mkate.

Kura inapigwa kwa kuinua mikono. Mama Kipkurui anabaki na upawa wake, wa kwanza kuinua mkono akiwa Sagini, kwa sharti moja alilolitaja Fancy: asibadilishe tena chochote bila kuwaambia. Rebeccah anakubali, lakini anakubali haraka mno, macho yakiwa kwenye jiko.

Saa ya mchana, maharagwe yanapakuliwa. Sagini anakula, anakula, halafu kijiko kinasimama hewani. Anatafuna pole pole sana. Anaitazama sahani yake.

"Mama," anasema, "kwa hii maharagwe kuna kitu hujatuambia?"

Meza yote inaacha kutafuna. Rebeccah anasuuza upawa, anautundika ukutani, anafuta mikono.

"Iko moja, ya kupunguza chumvi," anasema. "Hiyo nitawaeleza kesho. Kuleni kwanza, isipoe."