Ruta Isiyofika Chumba cha Nyuma

Namshukuru Mungu aliyenihifadhi hadi leo, akaniachia kumbukumbu hata ya mambo ambayo ningependa kuyasahau. Jina lake litukuzwe katika haya pia.

Mke wangu alipougua nyumbani kwetu Ihumwa, aliniomba jambo moja: auone uso wa binti yetu, aliyekuwa kazini ng'ambo na hakupata ruhusa ya kuja. Kwa bando la simu sauti ilikuwa ikikatika, na picha haiji kabisa. Fundi alikuwa ameshavuta waya wa intaneti hadi dirisha la sebuleni. Ikabaki mimi kwenda mjini kununua ruta, kile kisanduku cha kuusambaza mtandao ndani ya nyumba.

Muuza duka, mama wa makamo, aliniwekea mbili mezani.

"Shikamoo, baba. Nyumba yako kuta zake za nini?"

"Marahaba. Tofali za kuchoma, mbili mbili. Nilijenga mwenyewe, joto haliingii."

"Basi na mtandao hautaingia," akacheka. "Hii ndogo ni ya sebule tu. Chukua kubwa, au ndogo pamoja na kifaa cha kuongeza nguvu, ukiweke koridoni. Hata kilichotumika ninacho, bei si mbaya."

Nikaona ananitafutia cha kuuza. Nikachukua ndogo peke yake. Miaka mingi nimefundisha kanisani habari za kutosheka na kidogo; siku ile nilijificha nyuma ya fundisho hilo.

Sebuleni ilishika vizuri. Kule nyuma, chumbani kwa mgonjwa, uso wa binti ulikuja vipande vipande, kisha ukaganda. Nikasema tuhamishie kitanda sebuleni.

"Sebuleni?" akauliza mke wangu. "Mtoe makochi, mnilaze katikati, watu wakae chini? Mzee wangu, si ungengoja nife kwanza?"

Dada yake aliyekuwa akimuuguza alicheka, kisha akageukia ukutani akifuta macho. Kwetu makochi hutolewa kwa msiba. Sikumlazimisha.

Kesho yake nilikuwa na zamu ya ibada, nikaona hakuna haraka. Keshokutwa yake nilirudi dukani, nikanunua kile kifaa kilichotumika, nikakichomeka koridoni. Picha ikaja safi. Lakini mke wangu hakuwa amefumbua macho tangu alfajiri.

"Mama, ni mimi. Nitazame kidogo tu."

Kope hazikutikisika.

"Baba, mwinue kichwa."

Nikamwinua. Hakutazama. Binti akaanza sala ya jioni waliyokuwa wakisali pamoja alipokuwa mdogo, na midomo ya mama yake ikaifuata hadi nusu. Nusu iliyobaki tuliimaliza sisi.

Alifariki siku iliyofuata. Kwa nusu ile namshukuru Mungu. Lakini aliomba uso, nami kwa ubahili wangu nikampatia sauti. Nimetubu, na bado naamka na jambo hilo moyoni.

Wewe usomaye, Bwana akupe sikio la kumsikiliza anayeijua kazi yake, na akujalie kumwahi umpendaye angali anaona. Amina.