Mbega Asiye na Kichwa

Sifa njema ni zake Mola aliyekipa kila kiumbe sura yake, akanijaalia mimi penseli na mke wa kunicheka.

Tangu nistaafu, nikitoka nyumbani kwetu Misugusugu hubeba daftari la michoro. Vyenye roho navyo nachora, ila bila vichwa. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alitufundisha kuwa sura ni kazi ya Muumba. Wanazuoni wametofautiana, lakini mimi nimeshaizoea adabu ile. Kwa hiyo ndege wangu wote wamejificha majanini, na mbuzi wangu hawatoi vichwa kwenye ndoo.

Mke wangu alikuwa ameacha kutoka. Daktari alimtaka atembee kidogo kila siku kwa ajili ya goti. Yeye akaona kiti cha barazani kinatosha. Nilihofia kiti kile kitamzoea. Nikirudi, nilimfunulia daftari nikitumaini atatamani kutoka. Yeye aliomba miwani, kisha akaanza kesi.

Nilipomchora kwa nyuma simba wa saruji anayelinda geti moja kando ya barabara kuu, fundi aliyemtengeneza aliniamkia, akauliza kwa upole kama uso una kasoro, maana ndio uliomtesa kuliko vyote. Mke wangu naye aliuliza kama lile ni gunia la mkaa.

Kisha nikaenda Chole, kule Kisarawe alikozaliwa mke wangu, kuwasalimu wakwe. Kwenye mkwaju ulio nyuma ya nyumba yao nikamwona mbega, nikamchora kichwa kikiwa ndani ya majani. Safari hii mke wangu hakucheka. Aliushika mkia ule mweupe kwa kidole, akauliza kama ni mkwaju wa kwao.

"Ndio wenyewe," nikasema.

"Usoni bado wana zile nywele nyeupe?"

"Sikuchora uso, mama."

"Najua hukuchora. Nimekuuliza wewe, sikuliuliza daftari."

Nikakiri kwamba sikuutazama vizuri. Akavua miwani. "Basi utanipeleka. Kichwa nitakiona mwenyewe."

Kesho yake akatembea hadi kwa muuza mihogo, akirudi ananilaumu njia nzima. Siku zilizofuata akapita hapo, akafika msikitini. Goti lilipokubali, tukaenda.

Mbega alikuwepo, alhamdulillahi, lakini ametupa mgongo. Tukangoja. Hakugeuka.

"Kumbe unachora sawasawa," mke wangu akasema. "Ndivyo walivyo."

Nilidhani ataomba kiti. Badala yake akachukua fimbo yake, akaanza kuuzunguka mkwaju polepole aufuate ule uso. Nikafungua daftari, nikamchora kwa nyuma, anakwenda.

Nawe unayesoma, Mola akupe magoti yenye nguvu, macho ya kuona alivyoviumba, na mtu wa kukutania hadi uzeeni. Amina.