Shali ya Mafundo

Maganda ya komamanga yakichemka hutoa harufu chungu inayong'ang'ania nywele, na majira yale ya baridi, nikiwa na miaka minane, nyumba yetu ya ughaibuni, mjini Al Wakrah, ilinuka hivyo kutwa. Mpikaji hakuwa mama yangu, Mtanga asiyevumilia harufu yoyote isipokuwa ya udi. Alikuwa jirani yetu Bi Zulekha, mke wa fundi cherehani, tuliyetumia naye ua mmoja; aliyachemsha apate rangi ya njano ya nguo. Kwao ni Kachi, wilaya ya mashambani magharibi mwa India, na akianza kusimulia nilisahau hata kula: uwanda mweupe wa chumvi usio na mwisho, nyumba za udongo za mviringo zilizopambwa vioo vidogo ukutani, na wanawake wanaofunga nguo mafundo madogo kama punje za mtama kabla ya kuitia rangi. Palipofungwa rangi haiingii. Ukifungua, unakuta nukta zimejipanga kuwa maua.

Nguo aliyoifunga miezi yote ile ilikuwa shali ya harusi ya bintiye, aliyebaki Kachi kwa bibi yake. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba cha Bi Zulekha kilimchubua vidole. Alipoianua, nyekundu na imejikunja yote, mama alisikitika kwelikweli.

"Jirani, lete niipige pasi."

"La, Mama Saida! Pasi itaiua!" Bi Zulekha alicheka hadi akakaa chini. Kwao bibi harusi hushika ncha moja, mama yake hushika ya pili, wakavuta pamoja, nyuzi zikaruka na mafundo yakafunguka.

Lakini mwenye duka alikoshona mumewe alimnyima likizo, na safari yao ikafa. Shali ikabebwa na mtu wa kwao ikiwa bado imefungwa. Aliyeifunga hakuyaona maua yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku ya harusi alikuja kwetu na kitambaa kidogo chenye mafundo, akanipa ncha moja.

"Vuta, binti yangu."

Tukavuta. Nyuzi zikadatadata, nukta za njano zikachomoza, naye akanikumbatia akilia waziwazi. Nilimpenda mno siku ile.

Sasa ninaishi Al Wukair, jirani na Al Wakrah, na mama amerudi Tanga. Kila jioni tunaonana kwa simu, na mara nyingi namsikitikia Bi Zulekha kwa kukosa neema hii. Mwezi uliopita binti yangu alivaa ushungi wake wa kwanza, ukakaa upande. Mama akacheka, akanyoosha kidole amrekebishie, kikagonga kioo cha simu.