Hita ya Kuzimwa

Mzee alisoma mita za umeme kwa miaka thelathini na mmoja, na kustaafu hakukumtoa mita kichwani. Alipohamia kwa binti yake, katika nyumba ya kupanga ya chumba na sebule ghorofa ya tatu, hakuuliza atalala wapi. Aliuliza mita iko wapi. Ilikuwa ukutani karibu na mlango, na taa yake ndogo nyekundu ilipepesa polepole umeme ukitumika kidogo, haraka ukitumika sana. Akavuta kiti, akakaa mahali ambapo angeiona.

Binti alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Aliondoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi saa kumi jioni, na saa zote hizo mzee alibaki na baridi yake. Mwezi uliopita kifua kilimbana, kikapiga filimbi, akalazwa siku tisa. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi hakuzunguka maneno: "Mapafu haya yakipata baridi nyingine kama ile, sijui. Chumba chake kiwe na joto mchana kutwa."

Binti akaazima hita ya feni kwa mwenzake wa kazini. Ilikuwa ndogo kama redio, ilivuma, na ndani ya dakika tano sebule ilipata joto la kumvua mtu sweta. Asubuhi ya tatu alikuwa ameshafika chini alipokumbuka kitambulisho cha kazi. Akapanda tena, na kabla hajaingiza ufunguo akasikia ule mvumo ukikatika. Alimkuta baba amejifunga blanketi hadi masikioni, macho kwenye mita.

"Baba, umeizima."

"Inapumzika kidogo."

"Imechoshwa na nini? Imewaka saa moja tu."

"Mama, hiyo taa umeiona inavyokimbia? Kama inafukuzwa na mbwa. Nimewaona watu wengi wakitoa macho mbele ya mita, sasa nije kukimbiza ya mwanangu?"

"Mshahara ni wangu. Niache niuchome."

"Uchome ukiwepo. Mimi peke yangu blanketi linanitosha."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomshinda binti. Angekuwa mkali, angejibiwa. Njiani kuelekea kazini aliliwaza jambo hilo bila kulimaliza. Mzee hakuwa bahili. Alikuwa mtu aliyezoea kutoa, akakuta mikono mitupu, na kubonyeza ile swichi ndiyo zawadi pekee aliyobaki nayo. Utamnyang'anyaje mtu zawadi yake, na usipomnyang'anya, atapumua vipi?

Jumamosi akaingia duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alikuwa mama wa makamo aliyechomeka kalamu kwenye nywele.

"Unataka inayokula umeme kidogo," alisema muuzaji kabla hajaulizwa. "Kila mtu anataka hiyo. Nikwambie ukweli, dada, hita zote zinatoa joto kadiri zinavyokula. Nafuu iko kwa mtumiaji."

"Mtumiaji wangu anazima."

"Basi huyo ndiye nafuu yenyewe," muuzaji akacheka.

"Ana ugonjwa wa mapafu."

Muuzaji akaacha kucheka. Akamwonyesha hita ya vijiti vinavyoiva vyekundu: inampasha mtu aliyekaa mbele yake, si chumba, na inakula kidogo. Binti akaitazama. Wekundu ule mzee asingeuvumilia hata dakika kumi, na ukizimika, baridi ingerudi papo hapo. Ya pili ilikuwa ya kufungwa ukutani.

"Mwenye nyumba wangu msumari mmoja ni kikao," alisema.

Ya tatu ilisimama pembeni juu ya magurudumu madogo, nzito, yenye mbavu saba za chuma.

"Hii ina mafuta ndani," alisema muuzaji. "Hayaongezwi wala hayaungui, yamefungiwa humo. Lakini ni mvivu huyu. Nusu saa ndiyo unaanza kumsikia. Wengi wanairudisha."

Binti akaweka kiganja kwenye ubavu mmoja, akaikumbuka pasi ya zamani kule kazini, ile nzito ambayo wenzake waliikwepa. Yeye aliipenda. Aliizima kabla ya kazi kwisha, na bado ilinyoosha foronya tatu.

"Nikiizima, inachukua muda gani kupoa?"

Muuzaji akachomoa kalamu kichwani. "Watu huniuliza inachukua muda gani kupata moto. Wewe ni wa kwanza kuniuliza habari za kupoa. Unanunua hita au unaposa?"

"Namnunulia mtu mkaidi."

"Basi unaposa."

Wakaiwasha hapo hapo dukani, ilipopata moto wakaizima. Binti akakaa juu ya katoni akisubiri, mkono ukienda na kurudi. Baada ya nusu saa chuma kilikuwa bado cha moto. Saa nzima ilipokaribia, kilikuwa vuguvugu.

Jumatatu aliiwasha saa kumi na moja alfajiri, akaziba upenyo wa dirisha kwa kitambaa. Mlangoni akasema, "Ukitaka kuizima, izime." Siku nzima alikunja mashuka akiogopa sentensi hiyo.

Jioni baba alimpokea akiwa amesimama.

"Hiki kitu nilikizima ulipotoka tu. Mpaka taarifa ya habari ya redio inaanza, bado kina moto. Nikakiwasha wakisoma habari, nikakizima walipomaliza. Taa inatembea kama bibi harusi, na mimi napata joto."

Yeye kuliko wote alijua joto lile lilikuwa limeshapita kwenye mita. Lakini jicho lake lilipenda taa inayotembea, na binti hakumsahihisha. Kuanzia siku hiyo redio ndiyo iliyopanga zamu: taarifa ya habari kuwasha, muziki kuzima.

Wiki ya tatu siku moja binti alitoka kazini mapema. Mzee alikuwa amelala kitini. Akasimama karibu naye, akasikiliza kifua. Ile filimbi ya usiku wa wodini hakuisikia. Pumzi iliingia, ikatoka, haikukwama popote. Akainama taratibu kuelekea hita ili aguse swichi.

"Imezimwa," baba alisema bila kufumbua macho. "Usiihangaishe."