Binti Aliyenitoa Tezi

Nimechonga mpingo tangu sijaota ndevu, na kazi ya mtu mwingine nimeisifia mara chache sana. Mke wangu husema nina roho ya korosho. Basi daktari alipotuambia kwamba nina saratani ya tezi dume, ila tumewahi kwa kuwa haijatoka nje ya tezi, sikuuliza kama nitapona. Niliuliza nani atanikata.

Akaja binti wa umri wa mwanangu wa tatu. Alinipa shikamoo, akaketi, akaeleza bila kupepesa macho: tezi yote itatolewa kupitia matundu madogo tumboni, yeye akiwa amekaa pembeni anaongoza mikono ya mashine. Kando ya tezi kuna mishipa ya fahamu, myembamba mno. Ikidhurika, mwanamume anaweza kupoteza nguvu za kiume. Nilipandwa na hasira. Mambo ambayo hata na kaka yangu sijawahi kuyazungumza, leo anayataja mtoto wa kike, na mke wangu yupo!

“Hebu nipe mikono,” nikamwambia. Kwenye karakana yangu iliyoko Kipawa, anayeomba kazi namshika viganja kwanza. Vyake vilikuwa laini kama vya karani. Nilichukua kofia yangu nikaondoka, na kwa wiki tatu sikupokea simu ya hospitali. Ulikuwa ujinga, na ungeweza kuniua.

Mke wangu ndiye aliyenirudisha, baada ya kuninunia siku nne mfululizo. Binti hakuwa na kinyongo. Alitupeleka chumba cha mazoezi ya upasuaji, akainamisha uso kwenye kioo cha mashine, akaanza kushona kipande cha mpira. Upande wa pili wa chumba, vidole vyembamba vya chuma vikafuata kila alichofanya. Nilisimama kumtafutia kosa. Mahali fulani uzi ulikwama. Hakulazimisha, alirudi nyuma, akabadilisha pembe, akaendelea taratibu. Mpingo ukikukatalia nawe ukalazimisha, unapasuka, na nina vijana waliokaa miaka kumi kazini ambao hawajalielewa hilo.

“Lete fomu nisaini,” nikasema.

Upasuaji wenyewe siujui, nililala. Ninachokumbuka ni mpira wa mkojo, halafu pedi kwa wiki kadhaa, na aibu yake haikuwa ndogo. Lakini kesho yake tu baada ya kukatwa nilitembea wodini kwa miguu yangu. Majibu ya maabara yaliporudi, saratani yote ilikuwa imeishia ndani ya tezi. Nililia mbele ya yule binti. “Kazi yako nzuri, mwanangu,” nikamwambia. “Nzuri sana.” Mke wangu alinitazama kana kwamba nimebadilishwa hospitali.

Jumamosi ya wiki hiyo mtani wangu akaja kunijulia hali. Kabila lao na letu ni watani. Hata msibani wana ruhusa ya kutukejeli, na hatukasiriki. Alianzia getini.

“We bwana umetuangusha! Mie nishajipanga kulala kaburini mwako mpaka wanao wanibembeleze nitoke, kumbe we umekaa unakunywa uji?”

Nilicheka huku nimeshika tumbo. Mke wangu alipokwenda kuchemsha chai, mtani akasogeza kiti karibu. Nikangoja kejeli nyingine.

“Ndugu yangu,” akasema kwa sauti ya chini, “mie nilipima mwaka jana. Majibu sikuyafuata. Huyo binti anapatikana siku gani?”